Mpeni Fundi Umeme Nadharia Yake

Ukitaka kupigiwa makofi katika kikao chochote cha elimu hapa nchini, sema vyuo vyetu vimejaa nadharia na vitendo hakuna. Mbunge atasema, mwajiri ataitikia, mzazi atatikisa kichwa kukubali, na mwalimu wa chuo, ambaye anajua karakana yake ina mota moja kwa darasa zima, atanyamaza. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ilipotolewa upya mwaka 2023 na mkondo wa amali ukaingizwa sekondari, wimbo huu umepata waimbaji wapya. Vijana wapewe ujuzi wa mikono. Nadharia ipunguzwe. Kanuni haziwashi taa.

Kwa fani nyingine sina ugomvi nao. Ubao ukikatwa vibaya unaonekana, chapati ikiungua inanuka, ukuta ukipinda jirani atasema. Mkono hufundishika pale jicho linapoweza kuusahihisha. Umeme hauonekani. Waya wenye umeme na usio nao hufanana. Kiungo kilicholegea hufanana na kilichokazwa mpaka siku kinapoyeyuka. Nyumba iliyotandazwa nyaya kwa usahihi, na ile itakayomuua mtoto wa mwenye nyumba miaka sita baadaye, zote taa zake huwaka siku ya kukabidhiwa. Katika kazi ya namna hii nadharia ndiyo inayoona. Na fundi umeme wetu hajawahi kuzidishiwa nadharia hata siku moja. Amenyimwa. Vitendo anavyo tele, kavipata juu ya ngazi na chini ya paa la bati saa nane mchana, na bado nyumba zinaungua na taarifa inatoka ileile: chanzo ni hitilafu ya umeme.

Chukua testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani isiyokosekana mfukoni mwa fundi wa mtaani. Soketi za sebuleni hazifanyi kazi. Fundi anafika, anachomeka testa tundu la kwanza: inawaka. Tundu la pili: inawaka. Anamgeukia mwenye nyumba. “Mama, fezi mbili zimeingia hapa. Hii kazi ya TANESCO.” Maelezo hayo yameshatolewa katika nyumba nyingi mno, na mara nyingi si kweli. Nyutro, waya wa kurudishia mkondo, imekatika mahali fulani nyuma, na kwa kuwa bado kuna taa au friji iliyowashwa, fezi inapita ndani ya kifaa hicho, inatokea upande wa pili na kukosa pa kurudia. Fezi ya pili haipo. Kitaa cha testa huwashwa na mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwa fundi mwenyewe kwenda ardhini. Kinaeleza tu kwamba hapo pana msongo, wala hakielezi umetokea wapi. Anayejua kwamba mkondo sharti uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi angechomoa vifaa vyote na kuzima taa, akapima tena, akaona tundu la pili limekufa, kisha akaanza kuitafuta nyutro. Asiyejua, hata awe ameshika testa kwa miaka ishirini, amelirudia kosa moja kwa miaka ishirini. Uzoefu huo hauna cha kumfundisha mtu.

Kosa hilo lina ndugu yake mbaya zaidi. Jengo la ghorofa limeletewa fezi tatu, na nyutro yake kuu imelegea. Chukua fezi mbili tu ili hesabu iwe nyepesi: vifaa vya chumba hiki na vya chumba kile sasa vimefuatana kwenye njia moja, katikati ya volti 400. Msongo unagawanyika kwa uwiano wa ukinzani. Ikiwa vilivyowashwa huku vina omu 100 na vya kule omu 300, huku watapata volti 100 na kule volti 300. Huku taa zinafifia, kule televisheni inatoa moshi. Fundi wa mikono anaitwa na wapangaji wawili kwa siku tofauti, anamwambia mmoja umeme wake ni mdogo na mwingine umeme wake ni mkubwa, analipwa mara mbili, na nyutro inabaki imelegea.

Hapo imeharibika mali tu. Tuje kwenye uhai wa watu.

Nyumba nyingi za kwetu hutegemea fimbo yake yenyewe ya ethi, iliyopigwa ardhini nje ya ukuta. Fundi anajua kuipiga. Anajua hata kuchimba shimo na kumwaga chumvi na mkaa kama alivyoonyeshwa na aliyemtangulia. Muulize sasa fimbo hiyo ina omu ngapi. Katika udongo mkavu wa kichanga, kukuta omu 50 au zaidi si ajabu, na ile chumvi huchukuliwa na mvua kidogo kidogo huku ikiila fimbo. Tuseme ni omu 50. Friji imepata hitilafu, fezi imegusa bati lake. Volti 230 gawanya kwa 50, unapata ampea 4.6. Saketi breka ya ampea 32 iliyo ukutani haina habari. Kwake hiyo ni sawa na mtu anayepiga pasi. Bati la friji litabaki na umeme leo, kesho na wiki ijayo, mpaka aje mtu aliye peku kwenye sakafu mbichi.

Mtu huyo akiligusa je? Ukinzani wa mwili hubadilika sana kwa jasho, maji na njia ambayo mkondo unapita, lakini ukichukua omu 1,000, ambayo si mbali na hali ya mtu aliyelowa, zinampitia miliampea 230. Miliampea 30 zikimkalia mtu zinatosha kumtia hatarini. Breka ya ampea 32, kwa hiyo, imewekwa kusubiri mkondo mkubwa zaidi ya mara mia moja ya ule ambao tayari umeshamuua mtu. Breka ipo kulinda waya usiungue. Kumlinda mtu haikuwa kazi yake tangu ilipobuniwa, na sehemu kubwa ya wanaoifunga kila siku watakuapia kwamba ndiyo kazi yake.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kile kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwa fezi na unaorudi kwa nyutro, na kukata mara tofauti inapokaribia miliampea 30. Na hicho ndicho kifaa ambacho mafundi wetu wamezoea kukiruka. Kinakata kila jioni, mwenye nyumba amechoka, fundi anaitwa, anaunga waya moja kwa moja bila kukipitia, taa zinawaka, analipwa na kusifiwa. Kwa kipimo cha vitendo amefaulu, kwa sababu tatizo limeondoka. Kumbe kifaa kilikuwa kinaripoti uvujaji, naye amekifunga mdomo. Ukikagua kazi yake huoni dosari: viungo safi, skrubu zimekazwa, nyaya zimelazwa kwa mstari. Mkono haukukosa kitu. Kilichokosekana ni sentensi mbili za nadharia kuhusu mkondo unaokwenda na kurudi, na hizo hazipatikani kwa kubeba ngazi.

Watu wa vitendo watanijibu kwamba elimu ya umeme duniani ilianza kwa kujaribu na si kwa kanuni. Vema, twende huko. Mwaka 1858 kampuni ya Atlantic Telegraph ililaza kebo ya telegrafu chini ya bahari kutoka Ireland hadi Newfoundland. Mkuu wa mambo ya umeme wa kampuni hiyo alikuwa Wildman Whitehouse, tabibu wa upasuaji aliyejifunza umeme kwa majaribio yake mwenyewe, mtu wa vitendo hasa, aliyezipinga hadharani hesabu za profesa wa Glasgow, William Thomson, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Lord Kelvin. Thomson alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba katika kebo ndefu ishara huchelewa kwa kadiri ya mraba wa urefu, na kwamba tiba ni waya mnene, kinga nene, na mkondo mdogo unaosomwa kwa kipimo chepesi cha hisia kali. Whitehouse aliamini tiba ni nguvu. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98, zilichukua karibu saa 16 kupita. Kebo yenyewe ilikuwa na kasoro tangu kiwandani na safarini, ni kweli, lakini Whitehouse aliitibu kwa koili zake za volti 2,000 hivi, na baada ya wiki chache kebo ikafa kabisa. Uchunguzi ukafanyika, na kebo ya mwaka 1866, iliyodumu, ilifuata mawazo ya Thomson. Ni baada ya watu kusoma somo hilo kwa gharama kubwa ndipo telegrafu ya baharini ikaweza kufika hata Zanzibar, kutoka Aden, mwaka 1879. Whitehouse angepigiwa makofi sana katika vikao vyetu.

Hoja yao ya pili ni Ujerumani. Kila anayetaka nadharia ipunguzwe huitaja Ujerumani, ambako kijana hujifunzia kazini. Hujifunzia kazini kweli. Lakini uanagenzi wa umeme huko huchukua miaka mitatu na nusu, na muda huo wote kijana hurudi chuoni, siku moja au mbili kwa wiki au kwa vipindi vya wiki kadhaa mfululizo, akasome sababu za yale aliyoyashika kiwandani, kisha mwishoni anafanya mtihani wa kuandika pamoja na wa mikono. Sisi tunachukua nusu ya habari hiyo, ile ya kwenda kiwandani, tunaikatia kwenye kozi ya miezi mitatu, na kusema tumefuata Wajerumani. Na kiwandani kwenyewe! Kijana wa chuo anayepelekwa field akibahatika atashika ngazi. Asipobahatika atatumwa soda.

Nakubali malalamiko yana mzizi. Wahitimu wapo wasioweza kukunja kondui bila kuivunja, wala kusoma mchoro wa ukurasa mmoja. Wapo waliomaliza mwaka bila kugusa kipima insulesheni kwa sababu chuo kina kimoja na kimefungiwa kabatini kisiharibike. Ila tazama walichofanyishwa darasani. Mwalimu ameandika ubaoni: “Kanuni ya Ohm inasema...”, wakanakili. Ameandika aina tano za swichi, wakanakili. Mtihani ukaja: taja aina tano za swichi. Hiyo ni imla, na kuiita nadharia ni kumpakazia matope Ohm wa watu. Nadharia ni uwezo wa kusema kitakachotokea kabla hakijatokea. Mwanafunzi anayeweza kutazama saketi, akaandika kwenye daftari kwamba mita itasoma ampea 3, kisha akawasha na kukuta 3, ana nadharia. Akikuta 5, akakosa usingizi mpaka ajue hizo mbili zimetoka wapi, anayo zaidi. Ni wangapi wamepitishwa kwenye zoezi hilo? Kilichojaa vyuoni ni imla. Ikiondolewa pasipo kuweka kitu mahali pake, fundi atabaki na mazoea peke yake, na mazoea alikuwa anayapata bure mtaani.

Wazo la kwamba sisi tunahitaji mikono zaidi na maelezo kidogo halikuzaliwa juzi. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza Mwafrika apewe elimu inayolingana na maisha yake ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Mengine yalikuwa na busara. Lakini ndani yake mlikuwa na mgawanyo ambao wakoloni waliupokea kwa furaha, kwamba yuko wa kujua kwa nini na yuko wa kushika koleo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuja kupinga utengano wa kichwa na mkono, na leo inatajwa kana kwamba Mwalimu Nyerere aliagiza kichwa kikatwe.

Mgawanyo huo una faida kwa mtu fulani, na ndiyo maana hauishi. Mwenye shamba anataka pampu kwenye kisima kilicho mita 200 kutoka kwenye mita yake ya LUKU. Ameshanunua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa sababu ni wa bei nafuu. Fundi anahisi ni mwembamba. “Bosi, huu mdogo.” “Mbona jirani ametumia huohuo? Funga.” Mazungumzo yameisha. Sasa mpe fundi hesabu. Waya huo una takribani omu 7.4 kwa kilomita, kwenda na kurudi ni mita 400, kwa hiyo karibu omu 3. Pampu ikivuta ampea 10 zinapotelea njiani volti 30, mota inabaki na 200. Na mota inapoanza kuzunguka hutaka mara tano hadi saba ya hapo, kwa hiyo msongo utaporomoka, itanguruma bila kuzunguka, itachemka, itaungua. Itapelekwa kusukwa upya. Itaungua tena. Fundi anayeweza kuandika hayo kwenye karatasi, na kuandika chini yake bei ya kusuka mota mara mbili, anaweza kubishana na mwenye fedha. Asiyeweza ataamriwa. Mwajiri anapolia kwamba mhitimu ana nadharia nyingi, mara nyingine analia kwamba mhitimu anauliza maswali.

Sheria yetu inaelewa hili kuliko wasemaji wetu. EWURA haitoi leseni ya kufunga mifumo ya umeme kwa kuangalia viganja vya mtu, na leseni hizo zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Vishoka, mafundi wasio na leseni, ndio wenye vitendo vitupu: wana ngazi, wana koleo, wana hata ovaroli. Nao VETA wana utaratibu wa kumpima na kumtambua fundi aliyejifunzia nje ya chuo, jambo jema kabisa, mradi upimaji usiishie kutazama kama taa imewaka.

Na kazi yenyewe inahama. Nimetaja nyumba na pampu kwa sababu ndizo tunazozijua, lakini treni ya SGR inayobeba abiria tangu mwaka 2024 inavutwa kwa kilovolti 25, Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mapaa yanajaa sola. Sola ndiyo inayonitisha. Fundi wa nyumba amehamia huko kwa mikono ileile. Amepanga paneli kumi kwa mfuatano, kila moja volti 40 hivi, jumla 400 za mkondo mnyoofu, akaweka saketi breka aliyoizoea ya nyumbani. Breka hiyo imetengenezwa kwa mkondo geu, ambao hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, na katika sifuri hizo ndipo cheche ya kukata inapozimikia. Mkondo mnyoofu hauna sifuri. Breka ikifunguka, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani yake na kuiyeyusha juu ya dari la mbao, na paneli haziwezi kuzimwa maadamu jua lipo. Mkono wa fundi hauna kumbukumbu ya jambo hili kwa sababu aliyemfundisha naye hakuwahi kulikuta. Maarifa yanayorithishwa kwa kutazama huwa na umri wa yule anayetazamwa.

Watasema vijana wanaokuja vyuo vya ufundi walianguka hesabu, nadharia hawataiweza. Ni tusi, tena la kivivu. Hesabu zote nilizofanya hapa ni kuzidisha na kugawanya. Konda wa daladala anayekusanya nauli za vituo tofauti, anarudisha chenji na kukumbuka nani hajalipa, anafanya nzito zaidi akiwa amening’inia mlangoni. Hesabu zilizomshinda kijana huyo sekondari zilikuwa za kutafuta x kwa Kiingereza pasipo kuambiwa x inaumiza nani. Mwambie kwa Kiswahili kwamba x ni mkondo utakaopita kifuani mwa mama yake akigusa friji, uone kama hatagawanya.

Watasema pia vifaa ni ghali. Mota ni ghali, ubao wa kufundishia udhibiti wa viwandani ni ghali, na kwa hivyo nawaonea huruma wakuu wa vyuo. Lakini nyutro iliyokatika inaweza kufundishwa kwa betri, vikinza viwili na mita ya kawaida ambayo fundi wa redio anayo mezani kwake. Kushuka kwa msongo kunaweza kufundishwa kwa rola moja la waya mwembamba na taa ya gari. Chuo kisicho na fedha za karakana ndicho hasa kilichopaswa kuongoza nchi hii kwa nadharia, na hakuna tume ya bajeti inayokizuia kuanza Jumatatu.